Msomaji wa Rafu ya Nyuma

Kitabu kilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana saa mbili asubuhi jua lilikuwa bado halijafika upande ule wa maktaba, na mapazia yalikuwa chini. Lilikuwa joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Bi Kadi alikishika kwa mikono miwili, akakigeuza, akakinusa kwa mazoea ya watu wa kazi yake, ambao hawawezi kushika kitabu bila kukipeleka puani. Kilinuka nguo iliyowekewa pasi muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

"Funguo," aliita, "nani ameingia humu?"

"Nani aingie, nami ndiyo kwanza nafungua?" Mlinzi wa mlango alikuwa bado anahangaika kuchomoa ufunguo kwenye kufuli. Aliitwa Funguo kwa sababu ya rundo lililoning'inia kiunoni mwake, na kwa sababu tangu aajiriwe hakuwahi kumwachia mtu hata mmoja alishike.

Bi Kadi akakirudisha kitabu kwenye rafu, akaendelea na kazi.

Niieleze kwanza rafu yenyewe, maana bila rafu mkasa huu usingekuwepo. Ilisimama hatua chache kutoka mlangoni, ikitazamana na dawati. Upande wa juu ulikuwa wa watu wazima, wa chini wa vijana. Kila mtumishi wa maktaba aliweka pale riwaya aliyoipenda, na mbele yake akasimamisha kadi nyeupe yenye mistari mitatu. Mstari wa kwanza ulisema kitabu kinamfaa nani. Wa pili ulisema moyo wako uligota wapi ulipokuwa unasoma. Wa tatu ulikuwa wa kazi yako: mkutubi wa dawati, mpanga vitabu, mlinzi. Mkuu wa maktaba, mtu wa nyaraka na mihuri, alikuwa ameongeza sheria zake mbili, kwamba usimwambie msomaji mwisho wa hadithi, na kwamba nafasi kwenye rafu ile haikai tupu. Kitabu kikitoka, kingine kinapanda pale pale.

Bi Kadi ndiye aliyekuwa fundi wa kadi hizo, na jina lake lilitoka huko. Wanaume waliokuja kusoma magazeti na kujikinga na jua waliondoka na riwaya kwapani, wakiona haya kidogo. Vijana nao walikuwa hawaondoki mpaka awachagulie. Kati yao alikuwemo msichana wa miaka kumi na mitano aliyeitwa Chapchap, kwa jinsi alivyomaliza kitabu kabla wino wa muhuri haujakauka. Alilelewa na shangazi yake, fundi cherehani aliyefunga duka giza likiingia, kwa hiyo tangu kengele ya shule mpaka maktaba inafungwa msichana alikuwa wa Bi Kadi. Bi Kadi hakuwa na mtoto. Sitazunguka katika hili: alimpenda Chapchap kama wa kumzaa, na hakuwahi kumwambia.

Zamani dawatini walikuwa wawili. Kwa miaka kumi na tisa Bi Kadi alikaa na mwenzake, mama mmoja asiyeishiwa maneno, na katika miaka yote hiyo hawakukubaliana juu ya riwaya hata moja. Walibishana iwapo mwanamke wa kitabu fulani alipaswa kumrudia mumewe au la, mpaka chai ikapoa. Mwenzake alistaafu, akaenda kuishi kwa mwanawe, mji wa mbali. Mwanzoni alipiga simu kila jioni, baadaye kila wiki, halafu zikawa simu za salamu tu: wajukuu hawajambo, miguu inauma, kusoma ameacha kwa sababu ya macho. Baada ya simu ya mwisho ya namna hiyo Bi Kadi alikaa akikitazama kile kiti cha pili.

Kesho yake mvua ilinyesha kuanzia alfajiri, na hakuna msomaji aliyekuja, hata mmoja. Saa tisa alasiri, kwa kukosa la kufanya, aliandika kadi ya riwaya aliyoipenda kuliko zote, ile ya mwanamke aliyesubiri barua miaka kumi na moja. Kwa kawaida mstari wa kwanza ungesema "kwa mtu mzima" au "kwa kijana." Siku hiyo aliandika hivi:

*Kwa yeyote.*
*Mlango ulipofunguliwa na nje hakuna mtu, nilikifunika kitabu nikalia.*
*Ukiipenda kama mimi, njoo tuizungumze. Nipo.*

Kazi yake hakuiandika. Alisimamisha kadi, akavaa koti, akaenda nyumbani kwake, ambako hapakuwa na mtu wa kumwuliza siku imekwendaje. Asubuhi yake ndipo alipokuta kitabu kina joto.

Na kadi je? Aliiona baadaye, alipokuwa anapangusa vumbi. Chini ya mistari yake mitatu ulikuwa umeongezwa wa nne, mwandiko mwembamba uliosimama wima, wino wake rangi ya kutu.

*Hukulia kwa sababu ya mlango. Ulilia kwa sababu alikuwa ameshajua. Rudia ukurasa wa mia moja na arobaini.*

"Ujeuri gani huu," Bi Kadi alisema peke yake. Akaurudia ukurasa. Aliyeandika alikuwa sahihi, na Bi Kadi akajikuta anacheka, jambo ambalo halikuwa limetokea dawatini pale kwa miezi saba. Akachukua kalamu akaandika: *Na huyo mume, utamtetea pia?* Asubuhi iliyofuata jibu lilikuwepo, refu, limejaa mpaka nyuma ya kadi, na kitabu kilikuwa na joto.

Waliandikiana wiki tano. Bi Kadi alidhani ni mtu mwenye haya, pengine mzee fulani anayepita karibu na saa ya kufunga. Hakumtafuta, kwa kuogopa kumpoteza. Akaanza kuvaa magauni yake mazuri siku za kazi. Mkuu alimtania kwamba amepata mchumba.

"Nimepata msomaji," alimjibu.

Kisha mwandiko ule ukamwomba: *Huku mbele pana watu wengi. Niandikie nyuma.* Rafu ya nyuma ilikuwa ya ripoti za zamani na ramani zilizopitwa na wakati. Palikuwa na meza moja, kiti kimoja na dirisha lililotazama ukuta. Hakuna aliyekwenda huko isipokuwa kwa kupotea. Bi Kadi akahamishia kadi zake huko, na siku moja saa kumi alasiri, uvumilivu ukiwa umemwishia, akajibanza nyuma ya rafu ya jirani ili amwone mwenzake kwa macho.

Hakumwona mtu. Alichoona ni kiti kikisogea nyuma kidogo, taratibu, kwa adabu ya mtu asiyetaka kuwasumbua wengine, na kitabu kilichokuwa mezani kikafunguka, na kurasa zikaanza kwenda moja baada ya nyingine kwa mwendo wa mtu anayejua kusoma, asiyeruka wala kukimbia, huku ile harufu ya pasi ikija na kuondoka kama pumzi, mpaka zilipofika mahali ambapo Bi Kadi alipajua vizuri, mahali pa huzuni, na hapo ukurasa ukakaa sana bila kugeuzwa, na kiti kikalia kwa uzito wa mtu aliyeegemea.

Mwingine angepiga kelele. Jambo la kwanza alilowaza Bi Kadi lilikuwa kwamba msomaji yule amegota pale pale anapogota yeye. Akarudi dawatini kwa kunyata. Baadaye watu walisema alirogwa. Hakurogwa. Alikuwa mpweke, na sasa alikuwa na wa kuongea naye, awe mtu au asiwe mtu. Kesho yake aliandika kadi nyingine kama kawaida.

Wiki ya sita ukaja swali. *Nani mwingine hapa anasoma kama wewe?*

Alijisikia fahari, basi. Mkono wake ulikuwa na mazoea ya miaka mingi, nao ukaandika kabla kichwa hakijafikiri:

*Kwa msomaji anayetafuta mwenzake.*
*Chapchap, miaka kumi na mitano, husoma kama mwenye njaa na hana wa kumsimulia alichosoma.*
*Mkutubi wa dawati.*

Ilikuwa kadi nzuri, pengine nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Aliisimamisha juu ya meza ya nyuma, akaenda zake.

Baada ya siku hiyo hakujibiwa tena. Alikwenda nyuma asubuhi, akaenda mchana, akakuta kadi zake hazijaguswa na vitabu vimepoa. Na Chapchap, ambaye kila siku alikuja kwanza dawatini kusalimia na kuropoka, sasa alipita moja kwa moja na mkoba wake mgongoni. Siku ya tatu Bi Kadi alimsimamisha.

"Siku hizi hunisalimii, mwanangu?"

"Shikamoo," Chapchap alisema, macho yakiwa nyuma ya maktaba.

"Marahaba. Huko nyuma unasoma nini?"

"Kuna dada ananichagulia."

"Dada yupi?"

Msichana akamtazama kwa mshangao. "Yule wa kule nyuma. Amesema wewe ndiye uliyemwambia habari zangu."

Ningependa kusema kwamba Bi Kadi aliogopa papo hapo. Aliona wivu kwanza. Aliona kwamba ameachwa tena, safari hii na wawili kwa mpigo, na siku nzima alipiga mihuri kwa hasira. Woga ulikuja wiki mbili baadaye, shangazi mtu alipoingia maktaba kwa mara ya kwanza katika maisha yake, utepe wa kupimia bado shingoni.

"Dada, samahani," alisema kwa sauti ya chini, akiogopa kimya cha mahali pale. "Mtoto wangu huwa anafanya nini huku?"

"Anasoma. Kwa nini?"

"Hali chakula. Nikimwita anaitika kwa neno moja. Nikilala namsikia anafungua kurasa, nikiwasha taa hana kitabu. Daktari anasema hana homa, lakini ukimshika mikono ni ya moto." Akaushika utepe wa shingoni. "Juzi kaniuliza baba yake alikuwa na sura gani. Baba yake ni kaka yangu, amefariki miaka mitatu tu iliyopita, na picha yake ipo ukutani. Dada, mimi sina mwingine. Huyu ndiye aliyebaki."

"Hebu nisubiri hapa," Bi Kadi alisema.

Ilikuwa saa kumi na dakika chache, mchana mweupe, watu wawili wakisoma magazeti karibu na mlango. Bi Kadi alipita rafu za historia, akapita za kilimo, na kwa kila rafu aliyoipita aliona sauti za mbele zinapungua, kwanza feni, halafu magari ya barabarani, halafu kikohozi cha msoma magazeti, mpaka akawa hasikii kitu ila viatu vyake mwenyewe, na baada ya hapo hata viatu hakuvisikia, kilichobaki ni mlio mmoja tu wa karatasi ikigeuzwa, na ikigeuzwa tena, na ile harufu ya nguo inayokaribia kuungua ikawa nzito kiasi cha kumwasha kooni, na alipokunja kona ya mwisho alimkuta Chapchap ameketi mezani ametulia kabisa, mikono mapajani, na mbele yake kiti cha pili ambacho hakikuwahi kuwepo pale, na katikati yao kitabu kimoja kilichofunguliwa, kinachojigeuza kurasa.

Kurasa zenyewe zilikuwa tupu. Hapakuwa na hata herufi moja.

Bi Kadi akanyoosha mkono akifunike.

"Usikifunike," Chapchap alinong'ona. "Amefika pazuri."

"Unasoma nini wewe, mbona hamna maneno?"

"Sisomi mimi." Msichana alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu mwenye usingizi. "Ananisoma mimi. Ukurasa ukigeuka kuna kitu nakisahau, lakini hakiumi. Anasema mimi ni mzuri sana. Anasema bado kidogo anamaliza."

Ukurasa ukageuka. Zilizobaki zingeweza kuhesabika kwa vidole. Bi Kadi alimshika msichana mkono, ulikuwa wa moto kama sufuria, akamvuta akainuka, akamburuta mpaka mbele bila kutazama nyuma. Nyuma yao kiti kilisogezwa kwa adabu.

Shangazi alimpokea mtoto wake, na Bi Kadi akaenda kusimama mlangoni kwa Funguo.

"Umekiona," Funguo alisema polepole. Halikuwa swali.

"Wewe ulikuwa unajua?"

"Mimi ndiye ninayefunga hapa kila siku. Unadhani kile kiti sikisikii?"

"Na ukanyamaza."

"Ningesema, ungeniambia nimekunywa." Alichezea funguo zake. "Shemeji yangu, mke wa kaka, kutoa vitu vya namna hiyo ndiyo kazi yake. Kesho ni siku ya mapumziko. Mkuu hatajua. Mlete mtoto saa sita mchana."

Mganga alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mkoba wa mkononi na soksi. Aliingia, akavua viatu, akaomba chai. Aliinywa yote huku akitazama rafu, kisha akamgeukia Bi Kadi. "Nieleze. Na usinifiche, maana nitakachofanya kinategemea utakachoniambia."

Bi Kadi akaeleza, kuanzia siku ya mvua. Alieleza mistari mitatu ya kwanza na mistari mitatu ya pili, mbele ya shangazi. Aliposema yeye ndiye aliyempendekeza mtoto, shangazi alisogeza kiti chake mbali naye, akamkumbatia Chapchap, na hakumtazama Bi Kadi tena saa ile yote.

Wakaenda nyuma. Mchana ulikuwa unawaka nje, lakini pale mezani palikuwa na utusitusi. Mganga alimkalisha Chapchap, akamwekea mkono utosini, akasoma maneno yake kwa sauti ya chini kwa muda mrefu. Harufu ikaja. Kiti cha pili kikasogea. Na Chapchap akafumbua macho, akasema kwa sauti yake mwenyewe ila tulivu kuliko ya mtoto:

"Mbona mnanifukuza? Mimi sikuvamia. Nina kadi."

Kadi ilikuwa mezani. Hakuna aliyeiona ikiwekwa.

Mganga akaisoma, akavua miwani. "Hapa mimi sina nguvu," alimwambia Bi Kadi. "Wale wanaoingia kwa ubavu nawatoa. Huyu alialikwa, akapewa kitu kwa mkono, na kazi yako imeandikwa hapa chini. Wa kukiondoa ni wewe."

Bi Kadi akaichukua kadi akaichana vipande viwili. Mikono ilimwuma kama aliyeshika bakuli la uji wa moto.

"Sawa," ile sauti ilisema kinywani mwa Chapchap. "Kimetoka. Kingine kiko wapi? Nafasi haikai tupu. Sheria ni yenu, si yangu."

Kitabu kile kitupu kikajifungua mezani chenyewe, na zilikuwa zimebaki kurasa nne.

"Nichukue mimi," shangazi alisema.

"Wewe una mtoto wa kulea," Bi Kadi alimwambia. "Nani ana kalamu?"

Funguo ndiye aliyekuwa nayo. Bi Kadi aliinama juu ya meza. Alikuwa amependekeza mamia ya vitabu maishani mwake na hakuwahi kusita kama alivyosita hapo, kwa kuwa hakujua la kusema juu ya hiki. Ukurasa mmoja ukageuka. Akaandika.

*Kwa msomaji wa rafu ya nyuma.*
*Mwanamke wa miaka hamsini na minane. Kinaanza polepole, na sehemu kubwa haijawahi kufunguliwa na mtu.*
*Hakiazimwi. Husomewa humu humu, saa kumi hadi saa kumi na moja.*

Mstari wa tatu ulikuwa wa ukutubi mtupu, ule unaobandikwa kwenye vitabu visivyotoka nje ya jengo. Aliuandika ili kitu kile kisimfuate nyumbani. Aliposimamisha kadi, pakawa kimya kirefu, kimya cha mtu anayefikiria kama atachukua. Kisha Chapchap akaangukia meza, akaanza kulia kwa sauti kubwa, akisema njaa inamwuma, na mikono yake ilikuwa ya baridi kama ya mtoto yeyote.

Shangazi alimbeba mgongoni, msichana mkubwa yule, akatoka naye bila kuaga.

Mganga alibaki akivaa viatu. "Sikiliza," alimwambia Bi Kadi taratibu. "Huyo msomaji amemsahau mtoto, na mtoto amemsahau yeye; mengine aliyoyasahau yatamrudia. Ya zamani kati yako na mtoto ameshayasoma upande wa mtoto, hayarudii. Lakini kila jipya litakaloingia ndani yako atalikuta. Ukimwekea humo jipya la mtoto yule, hata dogo, hata kicheko, atalifuata mpaka kwake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Usimweke ndani yako."

Bi Kadi alirudi kazini kesho yake. Kila alasiri saa kumi alimwachia mpanga vitabu dawati, akaenda nyuma, akakaa kwenye kimoja cha viti viwili. Haikuumiza. Msomaji alikwenda polepole kwa furaha, na wakati mwingine kitabu kilikaa wazi mahali pamoja, na Bi Kadi akasikia sikioni sauti ya chini sana ikiuliza swali juu ya jambo fulani la ujana wake, swali la mtu anayetaka kweli kujua. Hakuna aliyewahi kumwuliza maswali kama hayo. Akirudi nyumbani kilikuwa kimepungua kitu kichwani mwake. Mwishoni mwa mwezi mwenzake wa zamani alipiga simu, na Bi Kadi akamwuliza kwa heshima zote anaongea na nani.

Wasomaji aliendelea kuwapigia mihuri. Kadi aliacha kuandika. Mkuu alipomwuliza, alisema mkono unamsumbua.

Siku moja saa tisa, mlango ulifunguka, na Chapchap akaingia. Alikuwa amenenepa mashavuni na sare yake ilikuwa mpya. Alitazama nyuma yake mara mbili, akaja dawatini karibu anakimbia.

"Bi Kadi, shikamoo. Shangazi amenikataza kuja. Nimetoroka kipindi cha mwisho." Alikuwa anahema. "Hataki kunieleza kwa nini. Nimekukumbuka mpaka basi."

Bi Kadi alishika ukingo wa dawati. Alitamani kumshika mashavu. Alitamani kumwuliza kama anakula vizuri, na kama bado anaanza kitabu kwa kusoma sentensi ya katikati, na zaidi ya yote alitamani kumwona akicheka.

"Una kadi ya uanachama?" alisema.

"Si ipo hapo kwenye boksi lako?" Chapchap alicheka kidogo, kisha akaacha. "Bi Kadi, ni mimi."

"Bila kadi hatuhudumii."

"Nichagulie kimoja tu, nitasomea hapa hapa. Hicho cha juu, kinahusu nini?"

Bi Kadi hakukitazama kitabu, wala hakumtazama msichana. Alikuwa anautazama muhuri, akijilazimisha kutoliona lile pengo dogo la jino, ile sauti iliyoanza kukua, jinsi alivyosimama kwa mguu mmoja. "Shule yenu ina vitabu. Nenda kawasumbue huko."

Bi Kadi alimsikia msichana akivuta makamasi, akamsikia akigeuka, na akamsikia Funguo akimfungulia mlango na kumwambia neno la upole. Hakuinua kichwa mpaka mlango ulipofungwa. Kisha akapiga muhuri kitabu kilichokuwa mbele yake, mara ya pili, bila sababu.

Saa kumi alikwenda nyuma. Kiti chake kilikuwa kimeshavutwa. Alikaa, akaweka mikono mapajani, na kurasa zikaanza kwenda, zikapita mvua za utoto na sauti ya mama yake jikoni, mpaka ghafla zikaruka zote zilizobaki, zikasimama kwenye ukurasa wa leo, ukurasa mpya kabisa, na harufu ya pasi ikamsogelea karibu na shingo.

"Huyu wa saa tisa," sauti iliuliza kwa upole, "ni nani?"

"Mtu tu," Bi Kadi alisema. "Amepotea njia. Si msomaji."

Ukurasa ulikaa bila kugeuzwa. Bi Kadi alijitahidi kutazama ukuta wa nje ya dirisha na kutowaza chochote, na baada ya muda mrefu ukurasa ukageuka.